Utumishi wa Meli ya Liemba

Msafiri atokaye Uyole akielekea magharibi hupita Mbeya mjini, hufika Tunduma, kisha hushika njia ya Sumbawanga mpaka Kasanga, bandari iliyo kusini ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo, kwa miaka mingi, watu wa Nyanda za Juu za Kusini walipoweza kuikuta meli ya Liemba. Habari yake husimuliwa zaidi kama ajabu ya ufundi: manowari iliyozama mara mbili na kuopolewa mara mbili. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Utumishi wa chombo hupimwa kwa kazi kilizozifanya, tena kwa kumjua aliyekituma.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilipokwisha kuungwa ilifumuliwa, ikafungwa katika makasha kiasi cha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka huko ikapelekwa bara mpaka Kigoma. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili waliisimamia kazi ya kuiunga upya, nao vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi wakaitenda. Masimulizi ya kawaida huwataja wale watatu kwa majina, na hawa wengine kwa wingi wao tu. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliteremshwa majini, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha anza.

Iliitwa Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana aliyeitawala Afrika ya Mashariki ya Kijerumani tangu 1901 hata 1906. Jina hilo halikuwa geni Ungoni, Ubena wala Upangwa. Vita vya Maji Maji vilizuka mwaka 1905, katika utawala wake, na askari wa serikali waliteketeza mashamba na maghala ya nafaka, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wahenga husema kwamba chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Je, meli iliyobatizwa kwa jina kama hilo yaweza kutakasika?

Katika vita utumishi wake ulikuwa mfupi. Iliweza kupakia askari kiasi cha 900 kwa safari moja baina ya Kigoma na Kasanga, na kwa muda ilikuwa na nguvu kuliko chombo chochote ziwani. Lakini Waingereza walikwisha kuleta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou. Hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, nayo Hedwig von Wissmann ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Mzinga mkubwa wa Götzen, uliotoka katika manowari Königsberg, uliondolewa ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia uliochongwa kwa mti. Mwezi wa Juni 1916 ndege za Kibelgiji zenye kuruka kutoka majini ziliishambulia Kigoma. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mafundi walikwisha kuipaka mitambo yake mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na katika filamu ya 1951 iliyotokana nayo, meli inayodhaniwa kuigwa kwake huangamizwa na maadui. Hadithi ilipenda ushujaa. Mambo yenyewe yalikuwa ya subira.

Vita, hata hivyo, havikuishia ziwani. Tabora ilipotekwa mwezi wa Septemba 1916, majeshi ya Jenerali Wahle yalirudi nyuma kuelekea Iringa, yakapigana Ngominji na Malangali. Pande zote mbili zilitegemea mabega ya wapagazi na chakula cha wenyeji. Hivyo watu wa Uhehe na Ubena, ambao wengi wao hawakuiona meli hiyo kamwe, walilipa sehemu ya gharama ya vita vilevile.

Baada ya vita Wabelgiji waliiopoa, lakini tufani ikaizamisha tena mwaka 1920. Waingereza waliiinua tarehe 16 Machi 1924, wakaiona mitambo yake ingali yafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini mwaka 1867. Tangu hapo ilichukua wasafiri, dagaa, nafaka na bidhaa za maduka. Na kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na gati, mashua ziliifuata majini zikapakia na kupakua. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, ikatiwa ya dizeli.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuja bila mzinga. Mwaka 1997 ilisaidia kuwarudisha nchini kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni kisicho na barabara, na kipindupindu kikiwa kimeingia kati yao. Liemba iliwavusha mpaka Kigoma, mamia kwa kila safari.

Safari zake ziliposimama mwaka 2018, Serikali iliazimia kuikarabati tena. Azimio hilo ni jema, maana meli ni mali ya wale inaowavusha. Lakini bati jipya halifuti jina la kwanza, wala halipasi kulifuta. Mithali ya wahenga yabaki kuwa kweli: vumba lipo. Asemaye habari ya Liemba kwa haki hana budi kuwataja Götzen na waliokufa kwa njaa ya Maji Maji, mafundi watatu na vibarua wao, jemadari na mpagazi, kisha Warundi wa Kagunga. Asipofanya hivyo, ameikarabati meli akaiacha historia yake chini ya maji.