Rejeta na Hesabu ya Joto
Ewe msomaji kijana, upitapo karakana za Kariobangi, Nairobi, utamwona fundi akizibua rejeta ya matatu. Usimdharau, kazi yake ina historia. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha hesabu za mwendo wa joto. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach alilibunia gari la Mercedes rejeta yenye vijibomba zaidi ya 8,000, ili upepo uguse eneo kubwa. Siku hizi mhandisi huigawa rejeta vipande vidogo katika kompyuta, akakipa kila kimoja joto la maji na mwendo wa upepo. Joto litokalo majini sharti lilingane na lipokewalo na hewa. Lakini akiusahau uchafu wa vijibomba, hesabu humdanganya, na injini huungua. Basi, kabla ya kuhesabu, kamwulize fundi.