Pangaboi na Taa Yake: Jina la Kale na Haja ya Istilahi Mbili

Neno pangaboi, yaani feni ya kuning'inizwa darini, lilianza likiwa jina la mtu. Katika Bara Hindi la enzi za ukoloni, panka lilikuwa pepeo kubwa la nguo lililotundikwa darini na kuvutwa kwa kamba na mtumishi. Waingereza walimwita mtumishi huyo "boi" wa panka, hata akiwa mtu mzima mwenye mvi. Umeme ulipokuja, kamba iliondolewa na mtumishi akaenda zake, lakini jina lake likabaki darini. Msemaji wa leo, atazamapo mabapa yanayozunguka, hudhani kuwa neno panga ndilo lililomo humo.

Feni ya dari ya umeme ilibuniwa Marekani na Philip Diehl katika miaka ya 1880, naye baadaye akaiongezea taa. Hivyo chombo kimoja kikapata kazi mbili. Mwaka 1959 Joel Spira, Mmarekani pia, alibuni swichi ya kielektroniki ya kupunguza mwanga. Hapo ndipo lugha yetu inapodaiwa.

Tuchukue mfano wa Chimala, mji ulio chini ya milima ya Kipengere, ukingoni mwa tambarare ya Usangu. Wakati wa joto, mwenye nyumba huko ana haja ya pangaboi kuliko jirani yake aliye juu milimani. Tuseme amenunua pangaboi lenye taa, na karatasi ya maelezo imetafsiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri akiita kifaa cha mwendo na kifaa cha mwanga kwa jina moja, "kirekebishi", fundi atafunga chochote apatacho.

Tofauti si ya maneno matupu. Swichi ya kupunguza mwanga hukata sehemu ya mkondo wa umeme mara 100 kwa sekunde. Balbu ya waya haioneshi mkato huo, kwa kuwa waya wake haupoi upesi. Mota ya feni, kinyume chake, hunguruma na kupata moto, na yaweza kuungua. Balbu za LED nazo zina saketi yake ndani: nyingine hupepesa, nyingine hukataa kuzimika kabisa, hasa zikitumia wati chache kuliko kiwango cha chini kinachohitajiwa na swichi hiyo.

Kwa hiyo fundi hana budi kuzima umeme katika swichi kuu, kisha kuhakikisha kuwa mota na taa zina nyaya mbalimbali, kuwa balbu imeandikwa kwamba yaweza kupunguzwa mwanga, na kuwa swichi inaafikiana na balbu hiyo. Lakini hayo yote hayaelezeki kwa istilahi moja.

Tunapendekeza kirekebisha mwendo kwa kifaa cha feni, na kififisha mwanga kwa kifaa cha taa. Jina la kwanza lataja mwendo, la pili lataja mwanga, wala hayawezi kubadilishana mahali. Pangaboi lenyewe na libaki, kwani limekwisha kuzoeleka. Walimu wa ufundi na wafasiri walio karibu na mafundi tunawaomba wayapime maneno haya kazini, na iwapo mafundi wanayo yaliyo bora zaidi, watuletee.