Kaye ya shefu: nani anahesabu watu wa vijiji vyetu?



Wakati nilikuwa natayarisha memwari yangu ya agronomi, nilienda katika sekta moja ya teritware ya Isangi. Nilitafuta kitu kidogo tu: hesabu ya watu wa vijiji vinne, ili nijue mbegu za mpunga zinazohitajika kwa kila nyumba. Sekretari wa sekta akanitolea kaye yake. Muuguzi wa santre ya afya naye akanitolea yake, ile ya kugawa mustikere. Vijiji ni vilevile, lakini hesabu zilipishana kwa mamia. Nikamuuliza shefu wa kijiji kimoja. Papa akacheka: "Mwanangu, wakisikia watu wanahesabiwa, wanauliza kwanza: ni ya kodi ao ni ya mustikere?"

Jibu lile lina historia.

Mwaka 1910 Wabelgiji walitoa dekreti ya sheferi: kila mtu wa kijiji awe chini ya shefu anayetambuliwa na Leta. Mwaka uleule ikatoka dekreti ya kodi. Kuhesabiwa na kulipa vilizaliwa pamoja, kama mapacha. Vijiji vingi vya ndani ya pori vikasogezwa kando ya barabara, ili ajenti avifikie kwa urahisi. Ndiyo maana leo ukitoka Kisangani kwenda Banalia ao Ubundu, nyumba zimepanga mustari barabarani, na matongo ya mababu yako mbali ndani, penye mingazi ya zamani.

Mwaka 1933 dekreti ingine ikaleta sekta: vikundi vidogo viliunganishwa chini ya shefu aliyekubaliwa na utawala, hata kama mababu zao hawakuwa na shefu mmoja. Wakati wa Mobutu zikaitwa kolektivite, jina ambalo wazee wanatumia hadi leo.

Kisha ikaja sheria ya 7 Oktoba 2008. Ilizipa sekta na sheferi haki ya kujitawala, pamoja na baraza la kuchaguliwa. Grupema na kijiji vilibaki chini, bila haki hiyo. Tena sheria inasema: katika makuta ya taifa yanayorudi kwa jimbo, asilimia 40 iende kwa miji, komini, sekta na sheferi, kwa kuangalia uzalishaji, ukubwa wa eneo na hesabu ya watu.

Hapo ndipo penye shida. Hesabu ya mwisho ya watu wa nchi nzima ilifanywa mwaka 1984. Sisi wengi hatukuwa tumezaliwa. Tangu pale ni makadirio tu, na makadirio hayajui nani alikimbilia porini wakati wa vita ya siku sita, Juni 2000, na nani hakurudi. Baraza la sekta nalo, wakaaji hawajalichagua bado.

Kwa hiyo kijiji kimezoea kuhesabiwa ili kitoe, na hakina karatasi ya kudai nayo. Sisi wa chuo tunafanya vilevile: tunafika, tunauliza, tunaandika, tunaondoka na data, tunapata diploma.

Mimi pia nilifanya hivyo. Mwaka uliofuata nikarudi na kopi mbili za hesabu zangu, nyumba kwa nyumba: moja kwa sekretari, moja kwa papa shefu. Aliiweka ndani ya kaye yake, akaifunga na kamba.

Wewe unayeshuka teren mwaka huu, data yako utamuachia nani?