Shirikisho la Afrika Mashariki na Nafasi ya Mwananchi: Mtazamo kutoka Ngara na Biharamulo

Malori yanayobeba shehena kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hupita Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, kabla ya kuingia Wilaya ya Ngara na kuachana njia: ya Rwanda huelekea Rusumo, ya Burundi huelekea Kabanga. Kwa wananchi wa wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera, Jumuiya ya Afrika Mashariki si habari ya vikao vya Arusha pekee. Ni foleni ya mpakani, ni bei ya mazao sokoni, na ni swali la nani ana haki ya kuishi na kulima katika ardhi ya kijiji.

Ndiyo maana mjadala wa Shirikisho la Kisiasa la Afrika Mashariki unawahusu moja kwa moja. Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya umeliweka shirikisho hilo kuwa hatua ya mwisho ya mtangamano. Makala haya yanaeleza hatua zilizofikiwa, mamlaka yanayohamishiwa katika Jumuiya na yale yanayobaki kwa kila nchi, pamoja na njia ambazo sauti ya mwananchi hufika kwenye maamuzi hayo.

Wazo lililotangulia Uhuru

Wazo la shirikisho si jipya. Mwaka 1960 Mwalimu Julius Nyerere alieleza kuwa yuko tayari Uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe kwa muda, iwapo kufanya hivyo kungeziwezesha nchi za Afrika Mashariki kujitawala zikiwa pamoja. Tarehe 5 Juni, 1963 Mwalimu Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitoa tamko jijini Nairobi la kukusudia kuunda shirikisho kabla ya mwaka huo kwisha. Kusudio hilo halikutimia. Badala yake, Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulisainiwa Kampala tarehe 6 Juni, 1967, na Jumuiya ya kwanza ikaanza kazi mwezi Desemba mwaka huo. Ilivunjika mwaka 1977.

Sababu za kuvunjika kwake zimeandikwa katika utangulizi wa Mkataba wa sasa. Miongoni mwake ni ukosefu wa utashi thabiti wa kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, na mgawanyo usio sawa wa manufaa baina ya nchi wanachama. Kwa maneno mengine, Jumuiya ya kwanza ilikuwa na reli, posta na shirika la ndege vya pamoja, lakini wananchi hawakuwa na nafasi ya kutosha ndani yake. Kwa sababu hiyo, Ibara ya 7 ya Mkataba wa sasa inaitaka Jumuiya imweke mwananchi katikati ya shughuli zake, na Ibara ya 6 inaorodhesha demokrasia, utawala wa sheria na uwajibikaji miongoni mwa misingi yake.

Mkataba huo ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba, 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai, 2000. Rwanda na Burundi zilijiunga tarehe 1 Julai, 2007. Kwa Ngara, siku hiyo iligeuza Rusumo na Kabanga kutoka mipaka ya nje ya Jumuiya kuwa mipaka ya ndani. Baadaye zilijiunga Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na kufanya idadi ya nchi wanachama kuwa nane.

Hatua nne za mtangamano

Ibara ya 5 ya Mkataba inataja hatua nne zinazofuatana. Ya kwanza ni Umoja wa Forodha, ulioanza mwaka 2005. Ya pili ni Soko la Pamoja, ambalo Itifaki yake ilianza kutumika tarehe 1 Julai, 2010. Ya tatu ni Umoja wa Fedha, ambao Itifaki yake ilisainiwa tarehe 30 Novemba, 2013, ingawa sarafu moja bado haijaanza kutumika. Ya nne ni Shirikisho la Kisiasa.

Tarehe 20 Mei, 2017 Wakuu wa Nchi waliridhia konfederesheni ya kisiasa iwe hatua ya mpito kuelekea shirikisho kamili. Tofauti ya maneno hayo mawili ni muhimu. Katika konfederesheni, kila nchi hubaki na mamlaka yake kamili na kukabidhi chombo cha pamoja mambo machache yaliyokubaliwa. Katika shirikisho, katiba moja hugawa madaraka kati ya serikali ya pamoja na serikali za nchi, na serikali ya pamoja huweza kutunga sheria zinazomgusa raia bila kupitia kwa serikali ya nchi yake.

Mtanzania ana mfano wa karibu wa kuelewa mgawanyo wa aina hiyo. Tangu Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili, 1964, Katiba imekuwa ikiorodhesha Mambo ya Muungano, na mambo yasiyo ya Muungano ya Zanzibar kusimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Swali ambalo Watanzania wamelijadili kwa miongo kadhaa, yaani jambo gani liwe la pamoja na lipi libaki, ndilo linaloulizwa sasa kwa nchi nane.

Timu ya wataalamu wa katiba kutoka nchi wanachama, chini ya uenyekiti wa Jaji Mkuu mstaafu wa Uganda, Benjamin Odoki, ilipewa jukumu la kuandaa rasimu ya katiba ya konfederesheni hiyo, na imekusanya maoni ya wananchi katika nchi zikiwemo Burundi, Uganda na Kenya.

Rusumo: mamlaka yanayotumika kwa pamoja

Wilayani Ngara tayari kuna mifano ya nchi kutumia mamlaka yake kwa pamoja bila kuyapoteza. Daraja la Kimataifa la Rusumo na Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani vilizinduliwa tarehe 6 Aprili, 2016 na Marais John Magufuli wa Tanzania na Paul Kagame wa Rwanda. Katika kituo cha aina hiyo, msafiri na mzigo hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, badala ya kusimama mara mbili. Utaratibu kama huo unatumika Kabanga na Kobero, kati ya Tanzania na Burundi. Ofisa wa nchi moja hufanya kazi katika ardhi ya nchi nyingine, lakini kwa mujibu wa makubaliano na kwa sheria ya nchi yake.

Mfano wa pili ni mradi wa umeme wa maji wa Maporomoko ya Rusumo, katika Mto Kagera, wenye uwezo wa megawati 80. Tanzania, Rwanda na Burundi zinaumiliki kwa hisa sawa kupitia kampuni ya pamoja, na umeme wake hugawanywa sawa kwa nchi hizo tatu. Sehemu ya Tanzania husafirishwa hadi kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Mradi huo unaonesha kuwa ushirikiano hudumu pale kila upande unapojua mapema utachangia nini na utapata nini.

Kwa mfanyabiashara mdogo, manufaa ya karibu zaidi ni utaratibu rahisi wa biashara mpakani. Bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi Dola za Marekani 2,000, huweza kuvushwa bila ushuru wa forodha kwa kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani. Hata hivyo, masharti ya afya ya mimea, mifugo na usalama wa chakula huendelea kuzingatiwa.

Ardhi, uraia na mipaka ya mtangamano

Si kila jambo limehamishiwa katika Jumuiya. Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo, lenye uzito zaidi ni ardhi. Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja inaeleza kuwa upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji na kwa utaratibu uliowekwa. Uanachama katika Jumuiya haubadili sharti hilo.

Hali ni hiyo pia kwa hati za kusafiria. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wake watumie kitambulisho cha taifa kuvuka mipaka baina yake. Tanzania haimo katika utaratibu huo. Mkataba unaruhusu nchi wanachama kwenda kwa kasi tofauti katika baadhi ya mambo, na nchi isiyo tayari hailazimiki kufuata kwa wakati uleule.

Uangalifu huo una historia yake. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, maeneo ya Tanzania Bara, Rwanda na Burundi ya leo yalikuwa chini ya utawala mmoja wa Kijerumani. Baada ya vita mpaka ukapita katikati ya watu waliokuwa na undugu. Kihangaza kinachozungumzwa Ngara kina ukaribu mkubwa na Kirundi na Kinyarwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban siku moja, na kambi ya Benaco wilayani Ngara ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani kwa wakati huo. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika Mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Katika eneo ambalo lugha na ukoo havitoshi kumtofautisha raia na jirani yake, swali la uraia huamua maisha ya kaya nzima. Shirikisho lolote litakalokuja litapaswa kulijibu kwa sheria iliyo wazi.

Nani huamua

Chombo cha juu cha Jumuiya ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi, ambao hufikia maamuzi kwa maafikiano. Chini yake lipo Baraza la Mawaziri. Bunge la Afrika Mashariki, lililozinduliwa mwaka 2001, hutunga sheria za Jumuiya, lakini muswada huwa sheria baada ya kuridhiwa na Wakuu wa Nchi zote. Mmoja wao akikataa muswada uliowasilishwa kwake kwa mara ya pili, muswada huo hufa.

Kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa. Tanzania, yenye watu 61,741,120 kwa Sensa ya mwaka 2022, ina viti sawa na Burundi, ambayo idadi ya watu wake ni ndogo mara kadhaa. Usawa huo huilinda nchi ndogo isimezwe, ila huacha kura ya mwananchi mmoja mmoja ikiwa na uzito tofauti. Aidha, wabunge hao hawachaguliwi na wananchi moja kwa moja kama ilivyo kwa Bunge la Ulaya tangu mwaka 1979. Huchaguliwa na Bunge la kila nchi, si kutoka miongoni mwa wabunge wake, kwa kuzingatia vyama, jinsia na makundi maalumu. Muda wao ni miaka mitano, na wanaweza kuchaguliwa kwa kipindi kimoja zaidi.

Mahakama ya Afrika Mashariki ilionesha uzito wa sharti hilo tarehe 30 Machi, 2007. Katika shauri lililofunguliwa na Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake, iliamua kuwa kanuni zilizotumiwa na Kenya kuwapata wabunge wake zilikiuka Ibara ya 50 ya Mkataba, kwa kuwa hapakuwa na uchaguzi uliofanywa na Bunge.

Njia alizonazo mwananchi

Njia ya kwanza ni Mahakama hiyo. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, kanuni au uamuzi wa nchi au wa taasisi ya Jumuiya unaokiuka Mkataba. Shauri linapaswa kufunguliwa ndani ya miezi miwili tangu uamuzi kutolewa au mlalamikaji kuufahamu.

Njia ya pili ni mbunge wa jimbo, kwa kuwa ndiye mpiga kura katika uchaguzi wa wabunge wa Afrika Mashariki, na Bunge la Tanzania ndilo linaloridhia itifaki.

Njia ya tatu ni ukusanyaji wa maoni, na historia inathibitisha kuwa una nguvu. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako ilipendekeza shirikisho liharakishwe. Nchi zilipowauliza wananchi wake mwaka 2006 na 2007, kamati ya Tanzania chini ya Profesa Samuel Wangwe ilibaini kuwa Watanzania wengi waliunga mkono wazo la shirikisho lakini walikataa kuliharakisha, wakitaja ardhi, ajira na usalama miongoni mwa hofu zao. Agosti 2007 Wakuu wa Nchi walikutana Arusha, wakaelekeza nguvu kwanza katika Soko la Pamoja.

Hatua hiyo ilitokana na majibu ya wananchi wa kawaida waliofika kwenye mikutano na kusema walichokiamini. Rasimu ya katiba ya konfederesheni itahitaji majibu ya namna hiyo, na wakazi wa Ngara na Biharamulo, wanaoishi na mpaka kila siku, wana mengi ya kusema kuhusu kipi kivuke na kipi kibaki.