Skrini ni ya Nani?
Cheki juu ya simu yako: saa, betri, alama za mtandao. Sasa cheki chini. Hizo pembe mbili zimepiganiwa miaka mingi.

Android 4.0 ilipokuja mwaka 2011, simu ziliweza kuchora vitufe vya kurudi na vya nyumbani ndani ya skrini, badala ya vile vya kwenye mwili wa simu. Programu iliruhusiwa kuvificha, ila ukigusa popote tu, hao, vimerudi. Kwa video, sawa. Kwa gemu, balaa tupu.

Android 4.4, mwaka 2013, ikalegeza kamba: programu ichukue skrini yote, vitufe virudi ukivuta kidole kutoka ukingoni. Lakini mara ya kwanza mfumo wenyewe hukuonyesha jinsi ya kutoka, na hapo, kwangu, ndipo penye uzito. Anayemiliki skrini nzima anaweza kukuchorea saa feki, hata ukurasa feki wa benki, nawe ukaingiza PIN bila wasiwasi.

Tangu Android 15, ya 2024, programu zilizotengenezewa toleo hilo huchora mpaka ukingoni, nyuma ya vitufe. Ila kidole chako kikivuta, mfumo bado unakuja.