Tarehe ya Somerset Place na Watu Wake

Pale Somerset Place, shamba la watumwa, mfereji ulitangulia nyumba. Mwaka 1785 Josiah Collins, mfanyabiashara wa mji wa Edenton, North Carolina, aliungana na wenzake wawili wakaanzisha kampuni ya kukausha vinamasi vya Ziwa Phelps, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Washington, wapate kulima mpunga. Ardhi walikuwa nayo, watu wa kuifyeka hawakutosha. Mwaka uliofuata merikebu iitwayo Camden ikashusha Waafrika 80, waliotolewa moja kwa moja Afrika Magharibi.

Hao ndio waliochimba mfereji wa maili 6, upana futi 20, kutoka ziwani hadi Mto Scuppernong. Walichimba kwa mikono, miguu topeni, mbu na homa vikiwaandama. Simulizi za shambani zinasema aliyeishiwa nguvu aliachwa palepale ukingoni, na kulipokucha akakutwa maiti. Wengine, zikishaimbwa usiku nyimbo za kwao, walijitwika vifurushi vyao wakaingia majini, wakiamini wanarudi makwao.

Baadaye mpunga ukaachwa, yakafuata mahindi na ngano. Mwaka 1830 mjukuu, Josiah Collins wa tatu, alihamia shambani na mkewe Mary Riggs, binti wa New Jersey, na ndipo ikajengwa nyumba kubwa ya mbao yenye vyumba 14. Mfereji haukuchagua wa kumzamisha: mwaka 1843 watoto wawili wa Collins walikufa maji humo pamoja na vijana wawili wa watumwa. Kufikia 1860 watumwa walipita 300.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisambaratisha milki hiyo. Collins akafariki mwaka 1863, utumwa ukafutwa, waliokombolewa wakatawanyika, na vibanda vyao vikaoza. Nyumba kuu ikabaki.

Aliyerudisha habari za watumwa hao hakuwa mgeni. Dorothy Spruill Redford, mzaliwa wa mji jirani wa Columbia, alitumia takriban miaka 10 kupekua hati za mauzo, mirathi na madaftari ya akina Collins. Makarani waliwaandika watu humo kama mali, yeye akawasoma kama mama, baba na wana. Agosti 1986 akawaita wazao wao Somerset, wakaja zaidi ya 2,000, na mwandishi Alex Haley akiwemo. Kisha Redford akawa msimamizi wa mahali hapo, na baadhi ya makazi ya watumwa yakajengwa upya, ikiwemo nyumba ya Sucky Davis, hatua chache tu kutoka kwa bwana.

Ukiifuata tarehe ya Somerset kwa jina la Collins, inakomea miaka michache baada ya vita. Ukiifuata kwa majina ya waliochimba mfereji, ukoo ungali unazaa.