Kapi, Kamba na Mafuta: Somo la Jahazi kwa Miradi ya Ihembe



Kila mwaka kijitabu hiki huwaeleza tunataka kujenga nini. Mwaka huu tumeona tuanze na historia ya jinsi vitu vilivyokwisha kujengwa vinavyotunzwa, na mfano wetu ni chombo cha tanga. Wengine watauliza jahazi lina uhusiano gani na watu wa milimani wanaolima migomba na kahawa. Uhusiano upo, tena ni wa zamani.

Karagwe haikuwa pembeni ya dunia. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya Mukama Rumanyika, Bweranyange. Speke alipofika mwaka 1861 alikuta biashara hiyo imeshazoeleka. Nguo na shanga zilivushwa kwa majahazi kutoka Unguja hadi Bagamoyo, zikabebwa vichwani hadi Tabora, kisha zikapanda kuja kwetu. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia ileile. Kwa hiyo nguo waliyovaa baadhi ya babu zetu ilisafiri kwanza chini ya tanga, na tanga hilo lilipandishwa kwa kapi.

Kapi la jahazi ni gogo dogo la mti mgumu lililochongwa tundu katikati. Ndani ya tundu hukaa roda, yaani kigurudumu chenye mfereji wa kupitishia kamba, nacho huzunguka juu ya pini. Kamba ya kupandishia tanga, jarari, hupita humo. Tanga hufungwa kwenye foromali, mti mrefu na mzito unaohitaji wanaume kadhaa kuuvuta pamoja. Roda ikizunguka vizuri, foromali hupanda. Ikikwama, kamba husuguana na mti, nyuzi hukatika moja moja bila mtu kuona, na siku ya upepo mkali foromali huanguka juu ya vichwa vya mabaharia.

Ndiyo maana baharia hasubiri kapi lilie. Hulikagua chombo kikiwa kimetulia, huondoa chumvi na mchanga, hupaka pini shahamu, yaani mafuta ya mnyama, na hubadilisha kamba iliyochakaa kabla haijakatika. Biashara yenyewe ilimlazimisha. Pepo za kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, kisha hugeuka kuwa kusi. Chombo kilichoharibika wakati wa upepo wake kiliweza kupoteza msimu mzima. Gharama ya mafuta haikuwa kitu mbele ya hasara hiyo.

Karagwe yenyewe ilipata kuona mashua ya tanga. Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 akiwa na Lady Alice, mashua ya futi 40 iliyotengenezwa kwa vipande ili wapagazi waibebe. Ilichukua zaidi ya siku 100 kufika Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa mwaka 1876 ikaletwa Karagwe, ikaunganishwa kwenye ziwa dogo lililo karibu na Bweranyange, kisha ikaingia mto Kagera. Hatumsifu Stanley, ndugu zetu wa kisiwa cha Bumbire waliuawa kwa risasi zake mwaka 1875. Lakini katika msafara wake liko jambo moja la kujifunza. Alipoagiza mashua, aliajiri pia ndugu wawili, Frank na Edward Pocock, watu waliozoea kazi za mashua huko kwao Uingereza. Mashua ile ilibebwa, ikafunguliwa na kuunganishwa mara nyingi, na ikadumu hadi Julai 1877, ilipoachwa kando ya maporomoko ya mto Kongo.

Sasa turudi nyumbani. Kapi la jahazi na kapi la kisima ni ndugu. Pampu ya mkono, mashine ya kusaga, bawaba ya mlango wa darasa, vyote vina pini inayozunguka ndani ya tundu, na vyote hufa kwa namna moja. Kanuni za baharia zinatufaa zilivyo. Kwanza, safisha kabla ya kupaka mafuta, kwa sababu grisi juu ya mchanga hugeuka msasa. Pili, paka kidogo na mara kwa mara. Tatu, soma maelekezo ya kifaa: kapi nyingi za kisasa za plastiki hazitaki grisi kabisa, maana hunasa uchafu, huoshwa kwa maji safi tu. Nne, kamba na pini hubadilishwa kwa ratiba. Anayesubiri zikatike amechelewa.

Baadhi yetu katika Umoja huu tunafanya kazi ya uhasibu mjini, na hapa tunaongea lugha ya vitabu vyetu. Kila kitu tunachonunua hupungua thamani tangu siku ya kwanza. Harambee hupenda kununua, kwa sababu kitu kipya hupigwa picha na kuzinduliwa kwa ngoma. Grisi haina sherehe. Hivyo mradi wa mamilioni unaweza kusimama kwa kukosa kifaa cha bei ya soda, na mama akarudi mtoni na ndoo kichwani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa mkutano mkuu wa mwaka huu. Kati ya kila shilingi 100 tutakazochanga, shilingi 10 ziwekwe kwenye fungu la matengenezo lisiloguswa kwa jambo lingine. Na kila mradi uwe na mtu wake anayejulikana kwa jina, aliyefundishwa, mwenye daftari la tarehe za ukaguzi, na anayelipwa.

Wakati wa kutoa ahadi yako, tunakuomba uchangie tundu la choo, bati na saruji kama ulivyozoea. Kisha ongeza kidogo kwa ajili ya mafuta. Ihembe ni yetu, na tulichokwisha kukijenga ni chetu kukitunza.